Kitufe cha pili cha laptopu ni tairi la akiba

SUMBAWANGA: Mfanyabiashara wa nafaka anayenunua laptopu iliyokwisha tumika huuliza kwanza bei, kisha betri. Ni wachache wanaovikagua vitufe viwili vilivyo chini ya kile kibao cha kugusa kwa kidole. Kwa mnunuzi wa mahindi na maharage wa uwanda wa Ufipa, vitufe hivyo vina hesabu yake.

Cha kushoto ndicho kinachofanya kazi kubwa: kuchagua, kufungua na kukokota. Cha kulia huleta orodha ya amri, kama vile kunakili au kuongeza mstari kwenye jedwali la magunia.

Je, laptopu inahitaji vyote viwili? Ubishi huo ni wa siku nyingi. Apple ilipotoa kompyuta ya Macintosh mwaka 1984, mausi yake ilikuwa na kitufe kimoja, ili mtumiaji mgeni asichanganyikiwe. Windows 95 ya Microsoft ikaja na msimamo tofauti, ikakipa kitufe cha kulia kazi nyingi. Mwaka 2005 Apple nayo ililegeza kamba kwa mausi iliyotambua kidole cha kulia. Mwaka 2008 ilitoa MacBook ambayo kibao chake chote ni kitufe, na watengenezaji wengi wamefuata njia hiyo.

Kwa kazi ya kila siku, kimoja kinatosha. Orodha ya amri hupatikana kwa kugonga kibao kwa vidole viwili, au kwenye Windows kwa kubonyeza Shift pamoja na F10.

Faida ya kitufe cha pili huonekana siku ya hasara. Kitufe cha kushoto ndicho kinachochoka mapema, kwa kuwa ndicho kinachobonyezwa zaidi. Kikifa katikati ya msimu wa ununuzi, wakulima wamepanga foleni kwenye mzani wakisubiri malipo, mwenye vitufe viwili huingia kwenye mipangilio ya mausi ya Windows na kubadilishana kazi zake. Cha kulia kinakuwa kikuu, na hesabu inaendelea.

Mwenye kibao kisicho na vitufe hana nafasi hiyo. Swichi ya ndani ikifa, hubakiwa na kugonga kwa kidole tu, na kibao kizima kikiharibika hana budi kutafuta kingine. Tunduma iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Sumbawanga, na Mbeya ni mbele zaidi.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi abonyeze kila kitufe mara kadhaa, au kibao chote hadi pembeni. Kisha achomeke mausi ya nje kuhakikisha tundu za USB ni nzima. Vitufe viwili visimpandishie bei sana, kwani mausi ya waya ni rahisi kuliko kibao kipya. Lakini laptopu mbili zikilingana kwa bei na betri, achukue yenye vitufe viwili. Hakuna lori linalotoka Sumbawanga na mzigo bila tairi la akiba.