Maumivu ya Mwili kwa Mtu Anayejijeruhi

Kujijeruhi kwa makusudi pasipo nia ya kufa huanza mara nyingi katika umri wa ujana, na wazazi, walimu na hata wauguzi hujiuliza mtu anawezaje kustahimili maumivu anayojitia mwenyewe. Baadhi hudhani kwamba hasikii kitu, wengine hudhani kwamba anaigiza ili aonewe huruma. Dhana zote mbili ni potofu, na humnyima mgonjwa huduma anayostahili.

Maumivu hayaishii penye jeraha. Neva hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na kisha kwenye ubongo, ambao hutambua mahali palipoumia na pia kupima jinsi jambo hilo linavyotisha au kuchukiza, hivyo hali ya nafsi huweza kuyazidisha maumivu au kuyapunguza. Ili kuyachunguza, watafiti hupima kizingiti cha maumivu, yaani kiwango ambacho mtu huanza kusema anaumia, na ustahimilivu, yaani kiwango anachofikia kabla ya kuomba jaribio lisimamishwe. Kwa wastani, wanaojijeruhi huwa na viwango vya juu katika vipimo vyote viwili, ingawa wamo miongoni mwao wanaoumia kama watu wengine.

Sababu zake ni zaidi ya moja. Mtu anapozidiwa na dhiki, mwili hutoa endofini, kemikali zinazopunguza maumivu kwa namna inayofanana na dawa ya mofini, na baadhi ya watu huingia katika hali ya kujihisi kama wako nje ya miili yao. Sababu nyingine ni kujichukia: Jill Hooley wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walibaini kwamba wanaojiona wabaya na wanaostahili adhabu ndio wanaovumilia maumivu kwa muda mrefu zaidi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba zoezi fupi la kuwasaidia kuona mema yao liliupunguza uvumilivu huo. Mtu anayeanza kujithamini, basi, huanza pia kuukinga mwili wake.

Wapo wanaoeleza kwamba hupata nafuu baada ya kujijeruhi, lakini nafuu hiyo ni ya muda mfupi, na dhiki iliyowasukuma hurudi ikiwa imeongezewa aibu na siri. Isitoshe, maumivu ni mlinzi wa mwili, na yanapofifia mtu huweza kulipuuza jeraha linalohitaji tiba ya haraka.

Kwa hiyo hakuna hoja ya kitabibu ya kumshona mgonjwa huyu bila ganzi eti kwa kuwa amejitakia mwenyewe. Mwongozo uliotolewa mwaka 2004 na NICE, taasisi ya miongozo ya tiba nchini Uingereza, uliagiza apewe ganzi au dawa ya maumivu ya kutosha kama majeruhi mwingine yeyote. Nyumbani nako, ukali na vitisho humthibitishia kwamba anastahili kuadhibiwa. Anachohitaji ni jeraha lake kutibiwa, kusikilizwa kwa utulivu, kuulizwa waziwazi kama ana mawazo ya kujiua, kwa kuwa hatari hiyo huongezeka kwa wanaojijeruhi, na kufikishwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, ambako tiba ya mazungumzo humfundisha njia salama za kuikabili dhiki yake. Wengi hupona, na heshima wanayopewa na wanaowahudumia ni sehemu ya tiba yenyewe.