Mnyororo, Rulema na Petroli: Ufundi wa Pikipiki na Istilahi Zake Baraka na Fizi

Makala hii inakusudia kueleza namna fundi anavyotambua na kutengeneza beringi zilizolika na mnyororo uliochakaa wa pikipiki, mifano yetu ikitoka Baraka na Fizi katika Jimbo la Kivu ya Kusini. Msomaji wa jarida la lugha anaweza kuuliza kazi ya gereji inamhusu nini. Inamhusu kwa kuwa kwenye ufuko ule wa Ziwa Tanganyika kifaa kimoja huitwa kwa majina mawili, na mara moja, kama tutakavyoona, jina moja hutaja vitu viwili visivyopaswa kuchanganywa kamwe.

Baraka imo ukingoni mwa Ghuba ya Burton, mkabala na rasi ya Ubwari. Fizi iko juu milimani. Kati ya miji hii miwili abiria na mizigo huchukuliwa sana na motari, yaani waendeshaji wa pikipiki za kukodi, kwa njia za udongo zenye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Vumbi hilo likishika mafuta ya mnyororo hugeuka kuwa kama msasa unaosaga chuma siku nzima.

Istilahi za kazi hii zimeingia kwa milango miwili. Kifaransa ndicho lugha rasmi ya Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006. Hivyo fundi wa Baraka ameyarithi maneno ya Kifaransa: roulement, ambalo midomoni mwa wengi huwa rulema, na chaîne, linalotamkwa sheni. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, fundi husema beringi na cheni kwa kufuata Kiingereza. Vita vya mwaka 1996 viliwakimbiza Wakongo wengi hadi Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo, na kuanzia 2005 wengi walirejeshwa kwa meli hadi Baraka. Si ajabu basi kuzisikia istilahi zote mbili chini ya mwembe mmoja. Tuongeze kwamba cheni na sheni ni ndugu wa damu: Kiingereza kililichukua neno lake kutoka Kifaransa cha kale, wakati Wafaransa wenyewe walipokuwa bado wakiitamka sauti ya kwanza kama anavyoitamka leo mtu wa Kigoma.

Sasa tuutazame mnyororo wenyewe. Watu husema kwamba mnyororo umevutika, na usemi huo unapotosha. Bamba zake hazivutiki. Kinacholika ni pini na vijibomba vinavyozizunguka pini hizo. Kila kiungo hupata ulegevu mdogo usioonekana kwa macho, lakini viungo vinazidi mia moja, na ulegevu wao ukijumlishwa mnyororo mzima huwa mrefu. Hapo nafasi kati ya viungo huacha kulingana na nafasi kati ya meno, mnyororo hupanda juu ya meno, na meno huchongoka na kupinda kama kulabu. Mnyororo wa namna hiyo ukichomoka mlimani unaweza kujiviringisha na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla, pikipiki ikiwa na watu watatu juu yake.

Kipimo ni rahisi. Mnyororo ulio wa kawaida kwenye pikipiki ndogo una namba 428. Tarakimu ya kwanza hutaja umbali kati ya pini na pini kwa sehemu za nane za inchi: nne za nane ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kwa hiyo viungo 20 vya mnyororo mpya, ukiunyosha na kupima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 254. Vikifika 259 hauna matengenezo tena. Rula ya chuma ya sentimita 30 yatosha. Mwenye pesa kidogo hununua mnyororo peke yake na kuyaacha magurudumu ya meno ya zamani, lakini meno yaliyopinda hula mnyororo mpya kwa haraka. Vyote vitatu hubadilishwa pamoja. Na gurudumu dogo la mbele ndilo la kuchunguzwa kwanza: likiwa na meno 14 na la nyuma 42, huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa mwenzake.

Ugonjwa wa mnyororo na wa beringi huambukizana. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi huzielemea beringi mchana kutwa. Beringi iliyolika nayo huliacha gurudumu lilale upande, mnyororo ukaenda mshazari na kuyala meno ubavuni. Ndiyo maana fundi makini halitazami moja bila jingine. Huinua gurudumu la nyuma, hulishika juu na chini, na kulitikisa. Likicheza, beringi imelika. Huzungusha pia pete ya ndani kwa kidole: ikikwaruza, njia ya gololi imeshachimbika, na grisi haitaiponya.

Beringi iliyokauka tu, isiyochimbika, yaweza kuoshwa na kutiwa grisi mpya. Ioshwe kwa nini? Hapa ndipo lugha inapoweza kumchoma mtu. Baraka petroli ni mafuta ya taa, kwa kufuata Kifaransa, na mafuta ya injini ya pikipiki ni esansi. Kigoma petroli ndiyo hiyo esansi. Fundi wa Baraka akimwagiza kijana aliyejifunzia Kigoma aoshee petroli, kijana atajaza bakuli mafuta yanayotoa mvuke wa kulipuka, pengine karibu na mtu anayechomelea vyuma. Sioni hatari kama hiyo katika tofauti ya rulema na beringi. Mwandishi wa mwongozo wowote wa ufundi kwa eneo hili aandike mafuta ya taa, na aliache neno petroli kabisa.

Kuvua beringi na kupachika mpya kuna kanuni moja: iliyovuliwa kwa kugongwa pete ya ndani isirudishwe, na mpya isukumwe kwa pete ya nje pekee. Pete ya nje ya beringi iliyokufa ni chombo kizuri cha kusukumia. Kati ya beringi mbili za gurudumu hukaa kipande cha bomba ambacho wengi hukidharau. Kikisahaulika, nati ya ekseli ikikazwa hubana pete za ndani ziende upande, na beringi mpya haitadumu.

Anayekwenda kununua na atazame namba iliyochorwa ubavuni. Katika 6302, tarakimu 63 hutaja aina na mfululizo, na 02 tundu la milimita 15. 03 ni milimita 17, na kuanzia 04 huzidishwa kwa tano. Herufi 2RS huonyesha mpira wa kuzuia vumbi pande zote mbili, nao ndio unaofaa njia ya Fizi. Namba hizi husomeka vilevile Baraka, Kigoma na hata Kanada, ambako mashine za kuondolea theluji, baadhi zikiwa na mnyororo kama huu, hubadilishiwa beringi kwa hesabu hiyo hiyo. Mteja akiiandika namba kwenye karatasi, muuzaji atampa kifaa chake, awe anakiita rulema au beringi.