Positroni Ndani ya Mwili wa Mgonjwa

Mzee anapopelekwa hospitali kupimwa saratani kwa mtambo wa PET, huambiwa kwamba atadungwa dawa yenye mionzi, na hofu huingia nyumbani. Wasomaji wetu wametuuliza dawa hiyo ni kitu gani.

Aghalabu huwa ni sukari iliyofungamanishwa na florini-18. Kila dakika 110 nusu ya florini hiyo huisha. Baada ya saa 11 husalia sehemu moja katika 64. Ndiyo maana wauguzi huomba wajukuu wachanga wasipakatwe kwa saa chache tu, si kwa siku nyingi. Inapoisha hutoa positroni, pacha wa elektroni, mwenye uzito uleule ila chaji chanya. Paul Dirac aliibashiri kwa hesabu mwaka 1931. Carl Anderson akaiona mwaka uliofuata huko California. Positroni na elektroni zikikutana hutoweka pamoja na kuacha miali miwili ya gama inayokwenda pande zinazopingana, na kwa miali hiyo mtambo huchora picha.

Lakini kabla ya kutoweka, positroni husafiri kidogo, kwa wastani chini ya milimita moja, ikigongana na molekuli. Mara nyingine huinasa elektroni, zikazungukana kwa muda mfupi mno. Muungano huo huitwa positroniamu. Katika ombwe, aina yake idumuyo zaidi huishi kwa wastani nanosekunde 142. Mwilini huishi pungufu, kwa kadiri ya molekuli zilizoizunguka, na hapo pana faida: mwaka 2024 watafiti wa Kraków, Poland, walichapisha picha ya umri huo ndani ya ubongo wa mgonjwa, na umri ulikuwa mfupi zaidi penye uvimbe wa saratani.

Kuyaeleza hayo kwa hesabu ni kazi ngumu, kwa kuwa elektroni za atomu huvutwa na mgeni huyu, naye huvutwa nazo, wala hakuna awezaye kuhesabiwa peke yake. Mwaka 2010 wanafizikia wa University College London walistaajabu kuona positroniamu, isiyo na chaji na yenye uzito maradufu, ikitawanywa na gesi karibu sawa na elektroni tupu yenye mwendo uleule. Mwaka 2014 Ilya Fabrikant na Gleb Gribakin walionyesha kwa hesabu kwamba elektroni iliyomo ndani yake ndiyo inayotawala mgongano.

Hesabu hizo zilihusu argoni na kriptoni, gesi za atomu mojamoja. Mwili wa mzee wetu ni maji, mafuta na protini.