MZEE WA KANISA SI MVI

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Mimi zamani nilikuwa naongeza: lakini penye wazee mkutano hauishi mapema! Ndivyo nilivyowaona wazee wa kanisa. Kwangu walikuwa watu wa suti na tai, wa kuketi mbele, kupitisha vikapu vya sadaka na kusoma matangazo marefu. Mwaka jana nilibadilisha mawazo, na ningependa kukueleza sababu.

Kwetu ni Kibera, upande wa Laini Saba. Tulikuwa tukisali katika kanisa dogo la mabati. Pasta ndiye aliyekuwa kila kitu: mhubiri, mweka hazina na mwenye ufunguo. Tulichanga pesa za kununua viti na vipaza sauti. Mama, ambaye huwafulia watu nguo kule Kilimani, alitoa mapato yake ya siku nne. Jumapili moja tukapata mlango una kufuli mpya. Kumbe pasta amehama na viti, ngoma na mchango wote! Watu walilia, lakini hakuna aliyejua pa kushtaki, maana hapakuwa na mtu ambaye pasta alipaswa kumjibu.

Jioni hiyo tulikwenda Kawangware kwa nyanya, mshirika wa Kanisa la Presbyterian, yaani PCEA. Alitusikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Wazee wenu walikuwa wapi?" Tukamwambia hatukuwa nao. Akatikisa kichwa, akaanza kutufunza.

Jina Presbyterian latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mzee. Katika Biblia, kitabu cha Kutoka mlango wa 18, Yethro alimwona mkwewe Musa akiamua kesi peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Alimshauri atafute watu waaminifu, wasiopenda hongo, wagawane naye kazi. Katika Matendo ya Mitume mlango wa 14, Paulo na Barnaba waliweka wazee katika kila kanisa. Angalia vizuri, msomaji: wazee, si mzee mmoja.

Mwaka wa 1541, mjini Geneva, John Calvin aliweka wazee kando ya wachungaji ili wasaidiane kulitunza kanisa. Waskoti waliufuata mpango huo kuanzia 1560 wakiongozwa na John Knox. Wamishenari wao walifika Kibwezi mwaka wa 1891, wakahamia Kikuyu, pale Thogoto, mwaka wa 1898. Thogoto si mbali sana na Kawangware.

Je, mzee hufanya kazi gani? Kwanza, huchaguliwa na washirika, akafunzwa na kuwekwa wakfu. Hupewa wilaya yake, lakini si wilaya ya serikali, bali ni nyumba kadhaa za jirani. Huko yeye hutembelea wagonjwa, hufariji waliofiwa, na hupatanisha mume na mke kabla maneno hayajafika kwa chifu. Pili, wazee wote hukutana na mchungaji katika baraza lao, naye mchungaji huwa mwenyekiti. Mambo ya kanisa, pamoja na pesa, huletwa hapo. Juu yao kuna presbiteri, ambamo wachungaji na wazee huketi pamoja, na juu kabisa kuna Mkutano Mkuu. Mchungaji huhamishwa, lakini mzee hubaki mtaani.

Si Presbyterian peke yao. Wasabato pia wana wazee wa kanisa, na hao huongoza ibada mara nyingi kwa sababu mchungaji mmoja huwa na makanisa kadhaa. Tena uzee huu si mvi. Katika PCEA hata akina mama huwa wazee.

Nilimuuliza nyanya, "Na wazee wabaya je?" Hakuficha. Alisema wengine huchaguliwa kwa ajili ya mfuko wao au kabila lao, na wengine hawataki kuachia kiti. "Lakini mjukuu wangu," akasema, "mmoja akikosea, kuna wenzake wa kumkemea. Pasta wenu angekemewa na nani?"

Baadaye waumini tulioachwa tulikutana nyumbani kwetu. Chumba ni kimoja, kwa hivyo wengine walisimama nje. Tulichagua wazee watano, na mmoja wao ni Mama. Alikataa kabisa. "Mimi mfua nguo, nitasimama vipi mbele ya watu?" Nyanya akamjibu, "Wewe hujui kuiba, na unajua mlango wa kila mtu hapa. Wataka nini tena?" Mama akanyamaza, kisha akakubali.

Bado hatujapata mchungaji, na viti ni vya kuazima. Lakini sadaka sasa huhesabiwa mezani na watu watatu, kila mtu akiona. Mimi ndiye huandika, katika daftari langu la zamani la Hesabu. Jumapili iliyopita tulipata shilingi 640, nazo zikasomwa kwa sauti.

Basi wenzangu, Jumapili hii ukiwa kanisani kwenu, uliza kwa adabu: nani huhesabu, na yeye humjibu nani? Usingoje kufuli mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.