Ukikosana na pasta unahama kanisa. Mbahai akikosana na wakubwa, anaenda wapi?

Jumapili asubuhi ukishuka stage ya Free Area, spika za makanisa ya mabati zinashindana mpaka hujui gani inakemea pepo na gani inaitisha sadaka. Na unajua vile hizi vitu huanza: wasee wawili wanakosana juu ya doh ama cheo, mmoja anachomoka, anakodisha ploti hatua chache mbele, anajiita askofu. Maisha inasonga.

Sasa fikiria dini ambayo hiyo njia ya kuchomoka imefungwa. Ndiyo Ubahai. Na usidhani ni kitu ya mbali: Kampala wako na hekalu tangu 1961, na hapa kwetu lingine lilifunguliwa Matunda Soy mwaka wa 2021. Ilianzia Iran miaka ya 1800 na Baha'u'llah, na haina pasta wala shehe. Waumini wa eneo wanachagua baraza la watu tisa kwa kura ya siri, na kampeni hakuna kabisa. MCA wako angelia. Juu kabisa iko Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, kule Haifa, Israel: wanaume tisa, wanachaguliwa kila miaka 5, na waumini wanaamini Mungu ndiye anaongoza maamuzi yao.

Hapo kwa Mungu ndipo noma huanzia. Ukiwa na lalamiko, unaruhusiwa kulitoa kwa Karamu, ule mkutano wa kila siku 19, ama uandikie baraza barua. Fiti. Lakini ukianza kukusanya watu nyuma yako, umevuka laini. Na ukiandika kitabu juu ya dini, baraza linakipitia kwanza kabla kichapishwe.

Mwaka wa 1988, Wabahai fulani wasomi waliokuwa na jarida la Dialogue huko Los Angeles waliandaa makala ya mapendekezo ya mageuzi. Viongozi wa kitaifa wa Marekani waliikashifu mbele ya mkutano mkuu. Makala haikutoka, na jarida likafunga.

Halafu kuna Juan Cole, profesa wa historia Michigan, msee wa Kiarabu na Kiajemi safi, aliyeingia dini 1972. Alitoka 1996, akisema alipigwa presha juu ya vitu alikuwa anaandika. Miaka miwili baadaye akachapisha makala ya kisomi akifananisha jamii ya Wabahai wa Marekani na lile gereza ambalo askari mmoja anaona kila seli.

Lakini wacha nisiwe wa upande mmoja. Kiongozi wao Shoghi Effendi alikufa 1957 bila mrithi, na 1960 mmoja wa wakubwa, Mason Remey, akajitangaza mrithi. Akafukuzwa, akaitwa Mvunja Agano. Hiyo ni mbaya, buda: waumini hawakusalimii, hata kama mlilelewa pamoja. Dini iliyoahidi kuunganisha dunia yote inaogopa kugawanyika kuliko kitu kingine. Na ukihesabu mabati za hapa mtaani, unaelewa hiyo hofu.

Shida yangu ni moja. Yule unayemlalamikia ndiye anapokea barua yako, na ndiye anaamua kama wewe bado ni wao. Hata mzee wa nyumba kumi hawezi kuhukumu kesi yake mwenyewe.

Cheki Sen McGlinn, mtu wa New Zealand aliyeishi Uholanzi. Mwaka wa 2005 alitoa kitabu akisema maandiko ya Kibahai yenyewe yanataka dini na serikali zikae mbali. Mwaka huo huo Haifa ikamtoa kwa orodha ya waumini. Si Mvunja Agano, kwa hivyo kusalimiwa anasalimiwa. Hakuanzisha dini yake, hakukodisha ploti. Aliendelea kujiita muumini wa Baha'u'llah, bila kura.