Kitendo, Nia na Takwimu: Misingi ya Jinai

Katika mahakama za Tanzania, kesi ya wizi wa ng'ombe haiitwi kwa jina la mwenye ng'ombe. Huitwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na mwenye mali, pamoja na hasara yake yote, huitwa kutoa ushahidi tu. Hapo ndipo jinai inapoachana na madai. Katika madai, aliyeumizwa humfikisha mwenzake mahakamani ili alipwe. Katika jinai, dola ndiyo inayoshtaki na ndiyo inayoadhibu, kwa kuwa kitendo kinahesabiwa kuwa kimeigusa jamii nzima. Ndiyo maana katika makosa makubwa msamaha wa aliyeibiwa au kujeruhiwa hauizimi kesi.

Kitendo hakiwi jinai kwa ubaya wake peke yake. Ni lazima sheria iseme hivyo, tena kabla hakijatendwa. Na sheria hubadilika, pengine hubeba mabaki ya jamii nyingine kabisa. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa Kanuni za Adhabu zilizochukua nafasi ya ile ya India ya mwaka 1860. Mfano wake wa mbali ulikuwa kanuni iliyotungwa na jaji Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, Australia, mwaka 1899. Ndani ya Kanuni hizo za 1930 yalikuja makosa ya uzururaji, ambayo mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya 1824 dhidi ya watu wasio na makazi wala kazi. Kwa makosa hayo mtu aliweza kukamatwa kwa jinsi alivyoonekana barabarani, bila kumdhuru yeyote. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya kishauri kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika.

Makosa mengi ya jinai yana sehemu mbili: kitendo na nia. Muumini anayetoka msikitini gizani akavaa viatu vya mwenzake ametwaa mali isiyo yake, lakini si mwizi, kwa kuwa aliamini ni vyake. Mwizi ni yule aliyevitwaa kwa hila, akikusudia mwenyewe asivipate tena. Hata mfugaji anayeswaga ng'ombe wa jirani kwa imani ya kweli kwamba ni wake ana utetezi, ingawa imani hiyo ni potofu. Kutoijua sheria, kwa upande mwingine, si utetezi.

Nia isichanganywe na sababu. Anayeiba unga kwa sababu watoto wana njaa amekusudia kuiba sawasawa na anayeuiba ili akauuze. Njaa itasikilizwa baadaye, wakati wa kupanga adhabu. Katika mauaji, sheria ya Tanzania huipanua nia kuliko wengi wanavyodhani. Aliyekusudia tu kumjeruhi vibaya mwenzake, majeruhi akafa, anaweza kutiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia.

Hasira ya ghafla inaweza kulishusha kosa hilo hadi kuua bila kukusudia, iwapo aliyeua alichokozwa kiasi cha kumtoa mtu wa kawaida katika utulivu wake, na akatenda kabla hasira haijapoa. Lakini mtu wa kawaida ni yupi? Kanuni zinamtaja mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa, na neno hilo dogo, jamii, liliwasumbua majaji wa kikoloni. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilipokea kesi kutoka Uganda ya watu waliomuua mtu waliyemkuta usiku akitambaa uchi uani kwao, wakaamini kwa dhati kwamba ni mchawi kazini. Mahakama ililishusha kosa likawa kuua bila kukusudia. Ilihakikisha hata hivyo kwamba mlango haufunguki mno: imani ya uchawi peke yake, bila tukio la wakati huohuo mbele ya macho, haitoshi.

Wapo ambao sheria haiwafikii. Tanzania bara, mtoto chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa jinai, na chini ya miaka 12 anawajibika tu ikithibitishwa kwamba alijua hapaswi kutenda alivyotenda. Kwa mgonjwa wa akili, mahakama nyingi za Jumuiya ya Madola bado zinafuata msingi wa kesi ya M'Naghten ya Uingereza, 1843: je, ugonjwa ulimzuia kujua anachofanya, au kujua kwamba ni kosa? Mzigo wa kuthibitisha ugonjwa huo humwangukia mshtakiwa. Mizigo mingine karibu yote ni ya upande wa mashtaka, unaopaswa kuondoa kila shaka ya maana.

Mahakama basi humchunguza mtu mmoja na tukio moja. Kriminolojia, sayansi ya uhalifu, huangalia watu wengi kwa mpigo, na kuchanganya maswali ya fani hizi mbili ndiko kunakozaa mabishano mengi yasiyo na mwisho. Kueleza kwa nini mtaa fulani una wezi wengi si kumtetea mwizi yeyote.

Sayansi hiyo ilipata mali ghafi mwaka 1827, Ufaransa ilipoanza kuchapisha takwimu za mashtaka ya nchi nzima. Mbelgiji Adolphe Quetelet alishangazwa na jinsi idadi ya makosa ilivyojirudia mwaka hata mwaka, hata namna za kuua zikikaribiana. Aliona pia kwamba uhalifu hupamba moto katika ujana na huwahusu zaidi wanaume, jambo ambalo takwimu za nchi nyingi zimeendelea kuonyesha.

Daktari Cesare Lombroso wa Italia aliielekeza fani kwenye njia mbaya. Katika kitabu chake cha 1876 alidai kwamba kuna mhalifu wa kuzaliwa, anayetambulika kwa taya, masikio na fuvu. Wazo hilo lilipendwa mno, labda kwa sababu linawapa watu wengine wote faraja. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Goring alitoa matokeo ya vipimo vya wafungwa wapatao 3,000, aliowalinganisha na wanafunzi wa vyuo vikuu na wanajeshi. Aina hiyo ya mtu haikuonekana. Tena kumpima mfungwa ni kumpima aliyekamatwa. Edwin Sutherland alikumbusha mwaka 1939 kwamba wahalifu wa ofisini, wenye tai na kalamu, mara nyingi hawamo katika hesabu hiyo.

Jicho likahamia mitaani. Huko Chicago, Clifford Shaw na Henry McKay waligundua kwamba mitaa ileile ilibaki na uhalifu mwingi wa vijana hata wakazi wake walipohama na wageni wa asili nyingine kuingia. Kampala nayo ina nafasi katika historia hii. Marshall Clinard na Daniel Abbott walilinganisha Kisenyi na Namuwongo, mitaa miwili ya watu maskini, na kuchapisha matokeo mwaka 1973. Umaskini ulikuwa pande zote mbili, ila Namuwongo, kulikokuwa na uhalifu mdogo, majirani walitembeleana zaidi na kuhamahama kidogo.

Kuhusu adhabu, Cesare Beccaria wa Milano aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Utafiti wa sasa kwa sehemu kubwa unamuunga mkono. Wabunge, hata hivyo, huona wepesi kuongeza miaka katika sheria kuliko kuongeza wapelelezi: unyang'anyi wa kutumia silaha Tanzania una kifungo kisichopungua miaka 30. Mahakama zimeanza kuuliza kama adhabu isiyomruhusu jaji kumtazama mtu aliye mbele yake ni halali. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo katika kila kesi ya mauaji ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 ile Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikafikia uamuzi wa namna hiyo katika shauri dhidi ya Tanzania.