Cherehani cha zamani: kitambue kabla hujakiuza

Hivi karibuni msikilizaji wetu mmoja alitutumia picha kwa simu. Ni cherehani cha miguu, cheusi, maandishi ya dhahabu yamefifia, meza imepasuka pembeni, na juu yake pameegeshwa ndoo. Aliachiwa na mama mkwe wake, aliyekuwa akishona nguo za kijiji kizima. Swali lake lilikuwa fupi: kuna mtu amekuja mara mbili anakitaka, anasema ndani kina zebaki. Je, auze?

Tuanze na zebaki, maana uvumi huu umezunguka nchi nyingi. Mwaka 2009 ulishika kasi Saudi Arabia. Watu waliaminishwa kwamba vyerehani vya zamani vya Singer vina “zebaki nyekundu” yenye thamani kubwa, na wapo waliotajiwa bei ya hadi riyali 200,000 kwa kimoja. Kipimo chao kilikuwa simu ya mkononi: ukiisogeza karibu na sindano na mtandao ukakatika, basi zebaki imo. Sisi wa redio tunajua kidogo habari za mawimbi, na wewe unayepanda kichuguu kutafuta mtandao unajua zaidi yetu. Simu hukatika bila kuombwa na sindano.

Ndani ya kichwa cha cherehani mna vyuma tu: ganda la chuma cha kumimina, vyuma virefu vya kuzungusha, springi, skrubu na mafuta yaliyoganda. Unaweza kufungua kibati cha upande wa kushoto ukaona mwenyewe. Kwa hiyo mtu akikutaka utoe fedha kwanza ili “apime”, usitoe. Na anayekuja kununua kwa kilo, kama chuma chakavu, naye ngoja kwanza. Huenda kitu hicho bado kinaweza kushona.

Hatua ya kwanza ni kukijua. Si kila cherehani cheusi chenye nakshi ni Singer. Vingi vilivyoko vijijini kwetu ni Butterfly vya China, na vipo pia vya India na hata Pfaff vya Ujerumani. Kama ni Singer, pangusa vumbi upande wa kulia wa kitako, chini ya mkono wa kichwa, karibu na gurudumu dogo. Utakuta namba iliyogongwa kwenye chuma. Namba isiyo na herufi yoyote mbele ni ya kabla ya mwaka 1900. Zenye herufi moja ni za baada ya hapo. Herufi kama F, J au Y zinaonyesha cherehani kilitoka Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda kikubwa cha Singer kilichofungwa mwaka 1980. Herufi mbili zinazoanza na E ni za kiwanda hichohicho, ila miaka ya baadaye. Namba ya msikilizaji wetu inaanza na Y, maana yake kilitengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Tahadhari na tarehe nyingine. Vibati vya kufunika bobini mara nyingi vimeandikwa tarehe nyingi, lakini hizo ni za kusajili uvumbuzi, wala hazisemi mashine yako ilizaliwa lini. Vilevile kuna vyenye nembo ya duara la buluu iliyoandikwa 1851 na 1951. Mwenye nacho hufurahi akadhani ni cha 1851, mwaka ambao Isaac Singer wa Marekani alisajili mashine yake. Nembo hiyo ilitolewa kuadhimisha miaka 100 ya kampuni, kwa hiyo cherehani hicho ni cha miaka hiyo ya 1950.

Umri peke yake hauleti bei kubwa. Viwanda vya Singer vilitoa vyerehani kwa mamilioni, na vingi bado vipo. Kinachopaswa kukushughulisha zaidi ni bobini, maana ndiyo itakayokuambia kama vipuri utavipata. Vuta kile kibati chini ya sindano utazame. Ukikuta bobini ya mviringo ndani ya kikopo kidogo, uko salama. Singer aina ya 15 ni ya namna hiyo, na Butterfly iliiga muundo huohuo, hivyo bobini na sindano za dukani mara nyingi hukubali. Ukikuta kitu kirefu chenye ncha kama risasi, kinachokwenda mbele na nyuma, hicho ni cha muundo wa kale zaidi. Bobini yake ni nyembamba kama kijiti chenye vichwa viwili. Itunze sana, kwa kuwa ikipotea utahangaika kupata nyingine.

Sasa kukifufua. Kabla ya kufungua skrubu yoyote piga picha, kisha piga nyingine. Simu yako ndiyo itakayokukumbusha nini kilikaa wapi.

Cherehani kilichokwama mara nyingi hakijavunjika. Kimegandishwa na mafuta, hasa pale mtu alipoishiwa mafuta ya cherehani akamimina ya kupikia. Mafuta ya kula hukauka yakawa kama gundi. Oili chafu ya gari nayo haifai. Ondoa mkanda, ondoa sindano, kisha dondoshea mafuta ya taa kidogo kwenye kila tundu na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Fanyia kazi hii nje, mbali na jiko na sigara. Acha hadi kesho. Rudi, tikisa gurudumu taratibu huku na huku, ongeza matone, acha tena. Inaweza kuchukua siku tatu, hata wiki. Usigonge kwa nyundo: chuma cha kumimina hakipindi, hupasuka. Likishalegea, futa uchafu wote na utie mafuta ya cherehani yenyewe. Chomoa pia vipande vya uzi vilivyojisokota nyuma ya gurudumu na kwenye nyumba ya bobini. Uzi mmoja tu unaweza kuzuia mashine nzima.

Kuna kasoro nyingine inayowapeleka watu kwa fundi bure. Gurudumu linazunguka, sindano haiendi. Tazama skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono. Hulegezwa wakati wa kujaza bobini, na pengine aliyeilegeza alishasahau. Ikaze. Kama uliitoa kabisa na sasa haikazi, geuza ile washa ya ndani nusu mzunguko uirudishe.

Upande wa urembo, kuwa na subira. Msasa utaondoa kutu pamoja na maua ya dhahabu, na spiriti huyeyusha ile vanishi ya juu. Tumia kitambaa laini cha pamba na mafuta ya cherehani. Msasa uuache kwa miguu ya chini peke yake.

Ukiweka sindano mpya, uzi uingie upande wenye mfereji mrefu, utokee upande bapa. Kwa Singer na Butterfly, gurudumu la mkono lianze kuzunguka kuja kwako. Likienda kinyume, uzi utasokoteka. Jaribu bila uzi kwanza, kwa kanyagio, mpaka miguu izoee.

Msikilizaji wetu hakuuza. Juzi ametuma ujumbe wa sauti: ndani yake tunasikia gurudumu likizunguka na watoto wakicheka. Analalamika kwamba akikanyaga, mkanda unateleza. Jibu letu ni hili: mkanda wa ngozi hurefuka. Fungua kile kiwaya kinachounganisha ncha zake, kata kipande kidogo sana, toboa tundu jipya uunganishe. Usiukaze kupita kiasi, kanyagio litakuwa zito. Na hiyo ndoo, mama, itafutie mahali pengine.